Karatasi ya Wasio na Mtu

Kidole gumba cha mama yangu nakijua. Kina kovu la kisu cha mihogo linalokikata katikati, na kikichovywa wino kinaacha duara lenye mstari mweupe. Jumatatu ile asubuhi, nikiwa nimeomba ruhusa shuleni, nilifungua jalada la komite, nikaona duara hilo kwenye mstari wa kumi, nikalitambua kabla sijasoma jina. Jina nalo lilikuwepo, limeandikwa na mkono wa mtu mwingine: Mama Émérence, mjane, miaka sabini na mmoja.

Juu ya karatasi hiyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe unaosifiwa shule nzima, palikuwa na maneno haya: "Mimi niliyeweka kidole hapa chini natangaza mbele ya mashahidi wawili kwamba sina mtoto wala ndugu wa kunitunza."

Mama Émérence ana watoto wawili. Wa kwanza ni mimi, Evodie, mwalimu wa darasa la nne. Wa pili ni Prospère, mdogo wangu, anayefanya biashara ya maharage kati ya Moba na hapa kwetu Kalemie. Na asubuhi ile Prospère alikuwa juu ya maji ya ziwa.

Lazima nieleze proje yetu, mradi wetu, la sivyo mtadhani mimi ni kichaa anayekimbia wino. Ukivuka daraja la Lukuga na kupanda kilima, nyumba zinaanza kuachana na mihogo inaingia katikati yake. Huko parokia ilitupa kiwanja. Tunataka kujenga nyumba ya wazee: vyumba kumi na viwili vinavyozunguka ua mmoja, kodi ndogo ambayo hata muuza makaa anaiweza, muuguzi Jumanne na Ijumaa, bukari, yaani ugali, na samaki kila saa sita mchana, na mtu mmoja wa kuwaingizia maji vyumbani na kuwasomea barua. Mwenyekiti wetu ni Papa Norbert, fundi umeme aliyestaafu kule kwenye mtambo wa Bendera. Mtu huyo alituweka wiki tatu tukibishana urefu wa chuma cha kushikilia chooni. Alileta kigoda, akamkalisha Mama Générose, mmoja wa wazee wetu, akamwambia ainuke, akatia alama ya chaki ukutani pale mkono wake ulipotafuta pa kushika. Kisha akamkalisha mwingine, na mwingine. Nilikasirika sana siku hizo, lakini haki ilikuwa yake.

Mimi ni sekretere wa komite. Walinichagua kwa ajili ya mwandiko, na kwa sababu nikiingia katika biro ya serikali natoka na karatasi au natoka na ugomvi.

Wafadhili wa ng'ambo waliandika kwamba watajenga, ila kwa wazee wasio na mtu, na kila mzee athibitishe hivyo kwa maandishi. Nilitunga sentensi ile kwa dakika tano, huku chungu cha maharage kikichemka. Kwa kuwa wengi hawasomi, nikapanga na utaratibu: mzee asimame mbele ya meza kwenye ua wa parokia, mimi nisome, yeye arudie kwa sauti, atie kidole, kisha mashahidi wawili watie sahihi. Nilijiona hodari.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Papa Déogratias. Alichunga ng'ombe miaka arobaini kule Pepa, na sasa analala katika stoo ya mpwa wake kati ya magunia ya unga. Ana mtoto mmoja, yuko Kabalo, na kwa miaka sita hajatuma hata salamu. Nilidhani huyu atatia kidole mbio. Nikasoma. Akanisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake.

"Mama Sekretere," akasema, "ile maneno kwetu haisemwi."

"Juu ya nini, Papa?"

"Muzazi akisimama inje, mbele ya bashahidi wawili, akasema hana mutoto, ile mutoto amekwisha. Njo vile kwetu banatupa mutoto. Weye umepanga yote, hata mahali pa kusimama, na hakuna muntu alikufundisha."

Wazee kwenye foleni wakatazamana. Mimi nikaona kazi ya miezi minane inataka kuanguka kwa ajili ya mzee mmoja mwenye kofia, na hasira ikanipanda. Nikamwambia tuko katika miaka ya simu za mkononi, si ya babu yake. Nikamwambia, na ninakumbuka kila neno: "Papa, hii ni karatasi tu."

Akaenda zake. Wengine tisa walibaki, kwa sababu walihitaji paa kuliko walivyoogopa. Walirudia mmoja mmoja, wengine wakitazama chini. Mama Générose alipofika kwenye neno "mtoto" alisita, akaniuliza kama Mungu anasikiliza mambo ya karatasi. Nikamjibu kwamba Mungu si karani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote.

Sitaki kusema sikujua. Kwa bibi yangu, kule juu Moba, palikuwa na nyumba moja tuliyokatazwa kuitaja. Baba wa nyumba ile alisimama nje siku moja akasema hana mtoto, na kijana wake akaenda kukata mti na hakurudi. Mti ulimwangukia. Miti huangukia watu, najua. Mimi ni mkatoliki, nasema Nasadiki yote bila kutazama kitabu. Lakini nakumbuka pia kwamba siku ya maziko ya kijana yule hakuna mwanamke aliyelia kwa sauti, maana wafu wasio na mzazi hawaliliwi.

Basi Jumatatu ile nikamtafuta Papa Norbert. Nilimkuta kiwanjani akipima msingi kwa kamba.

"Papa Norbert, mama yangu alikuja hapa?"

"Alikuja siku ya posho, Jumamosi, ile ulienda ku biro ya ardhi. Alisimama muzuri, akarudilia bila kukosa." Akatabasamu. "Nilizani mulipatana. Sasa tuko kumi, Mama Evodie. Banabakia wawili tu."

Nikatia karatasi mkobani. Nilipanda pikipiki ya kwanza iliyopita, nikamwambia dereva akimbie, kisha nilipokumbuka kwamba mimi sasa ni mtu niliyetupwa na mama yangu, nikamwambia aende polepole. Tukakimbia na kupunguza mwendo vivyo hivyo mpaka nyumbani, dereva akinitukana kimoyomoyo. Kila lori lililotupita nililiona limetumwa kwangu.

Mama alikuwa uani, ameketi kwenye kiti chake cha kamba, anachambua ndakala, dagaa wetu wa ziwani, na kutoa mchanga. Nikamwekea karatasi mbele ya macho.

"Mama, ni nini hii?"

Hakuinua kichwa. "Njo karatasi yako. Hauitambue mwandiko wako?"

"Ulisema hauna mutoto!"

"Papa Norbert alisoma, nikarudilia. Nani aliandika? Ni miye?" Akatupa kichwa cha ndakala kwa kuku. "Nilisikia kama ni karatasi tu."

Ndiyo hivyo, mdomo huponza kichwa. Nilipiga kelele. Nilimwambia mambo ambayo mtoto hamwambii mama, kwamba ananiaibisha mbele ya parokia, kwamba anakula kwangu na kulala kwangu kisha anakwenda kujitangaza yatima wa watoto. Yeye akaendelea kuchambua. Ndipo hofu ikaizidi hasira, nikasema kile kilichokuwa kinanisonga tangu jaladani.

"Na Prospère eko ku maji!"

Mkono wake ukasimama. "Maji gani? Si alisema atatoka Moba mwisho wa hii juma?"

"Maharage ilipatikana mbele. Alinipigia jana magaribi, alikuwa anapanda boti."

"Na haukuniambia?"

Kweli sikumwambia. Prospère alipiga simu, nikamjibu, nikarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mama alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu.

Boti inayotoka Moba jioni hufika Kalemie kabla ya saa mbili asubuhi. Ilikuwa saa nne. Nikapiga simu yake. Yule mwanamke wa kwenye simu, mwenye adabu zake za kila siku, akasema namba haipatikani. Nikapiga tena. Mama alisimama, na ndakala zote zikamwagika mapajani mwake hadi chini, na wala hakuzitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Mpaka dakika ile nilikuwa na tumaini moja la siri, kwamba labda mama mwenyewe haamini mambo haya. Nilipomwona anatafuta kandambili zake kwa mguu usiofaa, tumaini hilo likaniacha.

Bandarini tulikuta watu wengine wanaongoja boti hiyo hiyo, kama ishirini hivi. Boti nyingine iliyotoka Moba nyuma yao ilikuwa imeshafika na inashusha mbuzi. Nikamshika nahodha wake mkono. Alisema upepo wa kusini ulianza usiku wa manane, mawimbi yakawa makubwa karibu na Tembwe, na yeye alijibanza ufukweni hadi alfajiri. Boti ya wenzake? Hakuiona. Taa yake aliiona mara moja, mbali, kisha hakuiona tena. Alisema hivyo na kuniondolea mkono wangu taratibu, maana nilikuwa nimemfinya.

Niliogopa. Sitatafuta neno lingine. Wanawake wengine walikuwa wanaogopa pia, lakini wao waliogopa upepo tu na mashine mbovu, mambo ambayo Mungu akitaka anayaondoa. Mimi nilikuwa na karatasi ndani ya mkoba. Nilidhani kila mtu anaiona. Mwanamke mmoja, mumewe alikuwa ndani ya boti ile, alinipa kipande cha kanga yake nikalie, akanifariji kwa kuniita dada. Nikawaza: mume wako akifa, ni kwa sababu amepanda boti moja na mdogo wangu. Sikumwambia. Nilikaa juu ya kanga yake.

Mama aliketi pembeni yangu, mikono katikati ya magoti.

"Nilisema juu ya hasira," akasema. "Moyo haikusema. Ni kinywa."

"Na ni nini inahesabiwa, Mama? Moyo ao kinywa?"

Sote wawili tulijua ni kinywa.

Karibu saa sita Papa Déogratias akatokea. Stoo anayolala haiko mbali na bandari, na habari za Kalemie hazihitaji pikipiki. Alikuwa na chupa ya plastiki ya maji mkononi. Nilidhani atanicheka, na nilistahili. Hakunicheka. Hakunisalimu hata, alimsalimu mama, kwa heshima, kisha akampa chupa.

"Mwenye alisema neno njo mwenye anaitoa," akamwambia. "Chukua maji mu kinywa, umutemee pa kifua, umuite jina yake. Lakini mutoto mwenyewe akuwe pa macho yako. Haitumiwe ku simu."

"Prospère haiko," mama akasema.

"Lakini huyu iko."

Mama akanitazama. Sikungoja kuambiwa. Nilisimama mbele yake nikafungua kifungo cha juu cha blauzi, mbele ya bandari nzima, mimi ambaye wazazi wa wanafunzi hunivulia kofia. Nina watoto wawili, nilikuwa nawaona wameketi shuleni saa ile bila kujua kitu. Mama akafungua chupa, akajaza kinywa.

"Ngoja," Papa Déogratias akasema. Alikuwa anawaza, na uso wake haukunipendeza. "Ngoja, Mama. Ulisema neno moja, na batoto ni wawili. Ukitoa huyu, neno itabakia yote kwa yule."

"Nani alisema vile?" nikamuuliza kwa ukali.

"Bazee balisema. Mukitoka pamoja, mumetoka. Mumoja akitoka mbele, anamuachia mwenziwe muzigo. Sijui. Miye ni muchunga ng'ombe. Nasema vile nilisikia."

Mama alikuwa amesimama mashavu yamejaa maji. Macho yake tu ndiyo yaliyoniuliza, na yalikuwa yamejaa nayo pia. Nikamwelewa vizuri: alikuwa tayari kufanya nitakavyosema mimi, kwa kuwa mmoja mkononi ni afadhali kuliko wawili waliopotea, na ndivyo mama yeyote angehesabu.

Ningependa kuwaambia kwamba sikusita. Nilisita sana. Mimi ni mwoga tangu utoto. Ni mimi niliyekuwa nikimtuma Prospère atangulie chooni usiku ili aangalie kama kuna nyoka, na yeye ana miaka mitano. Alikuwa anatangulia. Anagonga mlango kwa fimbo, anaingia, kisha ananiita: dada, njoo, hakuna. Nilisimama pale na kifua wazi na nikasikia sauti ile kabisa. Mkono wangu ukapanda ukafunga kifungo. Kifungo kile kilinishinda mara mbili.

"Tutangoja Prospère," nikasema.

Mama akameza maji. Niliyaona yakishuka kooni mwake.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Kila kitu cheusi kilichotokea majini kilikuwa boti, kisha kikawa ndege, au gogo, au mtumbwi wa mtu anayevua ndakala zake kwa amani. Saa nane nikakumbuka kwamba mama hajala. Nikamnunulia mkate kwa mwanamke mwenye beseni, nikamletea, naye akaushika bila kuula.

"Kata kidogo, Mama. Tangu asubuhi haujakula."

"Saa sita hata ku nyumba sikulake," akasema. Si kwa lawama. Kama mtu anayetaja siku ya soko. "Weye unarudia saa tisa, tunakula saa tisa."

Akaendelea, akitazama maji.

"Ile siku ulikuwa unatayarisha maulizo ya bazee. Ulikuwa pa meza na kaye yako, unasoma kwa sauti, ujisikie kama ni muzuri. Muzee, saa sita unakula? Nikajibu: hapana. Nani anakuletea maji ya kuoga? Nikajibu: naomba batoto, bakitaka bananiletea. Kwa siku unazungumuza na nani? Nikajibu. Nilijibu yote, Evodie. Nilikuwa pa kiti yangu. Haukuinua kichwa."

Nakumbuka jioni ile. Nakumbuka nilisikia sauti nyuma yangu, nikadhani ni sala zake.

"Njo pale nilisema," mama akamaliza, "ile nyumba banajenga, miye pia niko mu maulizo."

Uchungu niliousikia hapo siwezi kuupima. Ulikuja juu ya hofu na hofu haikuondoka, vikakaa pamoja. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini niliogopa kuomba msamaha kabla Prospère hajafika. Niliogopa kufanya kitu chochote peke yangu. Nikamshika mkono tu. Ulikuwa na harufu ya ndakala.

Saa kumi hivi watu wakasimama. Mtumbwi wa injini wa wavuvi ulikuwa unakuja polepole mno, na nyuma yake, kwa kamba, unaburuta boti. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wanahesabu vichwa. Mimi niliona kofia, niliona mwanamke mwenye mtoto, niliona wanaume watatu wanaochota maji kwa ndoo na kuyatupa nje. Mdogo wangu simuoni. Nikahesabu tena nikakosea. Mwanamke wa kanga akaanza kumwita mumewe kwa jina, na mumewe akainua mkono, na mimi nilimchukia kwa dakika nzima.

Prospère alikuwa mmoja wa wale wa ndoo. Sikumtambua kwa sababu alikuwa amevua shati na amekonda kwa usiku mmoja. Boti haijagusa ufukwe, mama akaingia majini na nguo zake. Nilimfuata. Maji yalinifika magotini, yakamfika yeye mapajani. Akainama, akajaza kinywa maji ya ziwa, akamshika Prospère bega pale alipokuwa anashuka, akamtemea kifuani. Kisha akanivuta mimi kwa blauzi na kunitemea yaliyobaki.

"Prospère ni mutoto yangu!" akapaza sauti, bandari nzima ikageuka. "Evodie ni mutoto yangu! Niko na batoto wawili! Bazima! Wawili!"

"Mama, kuna nini?" Prospère akauliza. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Mashine ilikufa tu. Tulitupa magunia, maharage yote iko ku maji. Mama, juu ya nini unanitemea?"

Nilikaa chini palepale, katika maji, nikalia mpaka kamasi. Papa Déogratias, aliyebaki ufukweni na chupa yake tupu, alikuwa anafuta macho kwa kofia, na aliponiona namtazama akajifanya anafukuza nzi.

Nyumbani, Prospère alioga, akala, akalala huku anaongea. Mimi nikatoa karatasi ile mkobani ili niipasue. Mama akanizuia.

"Si yako peke yako," akasema. "Bale tisa je?"

Nilikuwa nimewasahau. Mama Générose ana binti Kigoma. Wengine wana watoto Lubumbashi, Kabalo, migodini, watu wazima wanaokwenda kazini na kupanda magari na kushuka mashimoni, na kwa wiki mbili sasa wanatembea na neno nililowatungia mimi kwa dakika tano. Hofu yangu ilikuwa imepata pa kuanzia upya. Nikaamua kesho yake nitawaita wote parokiani, na Papa Déogratias awepo, waseme kwa kinywa kwamba wana watoto na kuwataja majina, na watoto watakaopatikana waitwe, hata kama itachukua mwaka. Na wafadhili nitawaandikia kwamba sentensi yao hatuwezi kuitia kidole. Wakikataa kujenga, wakatae. Papa Norbert ataninunia, na msingi wake utaota majani.

"Basi, Mama," nikasema, "kwako imekwisha. Umelitoa neno."

"Neno nimetoa. Chumba sijatoa."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, hapa kwangu uko na chumba."

"Hapa niko na kitanda," akasema. "Nataka chumba ya pembeni ya mulango mukubwa, nione bantu banapita. Ukitafuta maneno mapya ya karatasi, andika: niko na batoto wawili, bazima, na nimeomba kuishi pale. Bataniuliza, nitajibu."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mchana ule wote kulikuwa na maji ya kuliondoa neno lile. Hili, lisilo na maji ya kuliondoa, alilisema kwa sauti ya kawaida, akikunja kitenge kilicholowa.

Nikaleta kaye, lile daftari langu, mezani, lakini sikukaa mezani. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya kiti chake cha kamba, karibu kiasi cha kumgusa goti, nikafungua ukurasa wa maswali. Nilikuwa nayajua kwa moyo, ila niliyasoma, kwa kuwa macho yangu yalihitaji pa kukaa.

"Saa sita unakula?"

"Hapana."

Nikaandika. "Nani anakuletea maji ya kuoga?"

"Batoto. Bakitaka."

Nikaandika. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho. Swali la tatu nililitazama muda mrefu, kisha nikafunga kaye na kuinua kichwa.

"Mama, kwa siku unazungumuza na nani?"

Alifikiri. Alitazama mlango, akatazama chumba alicholala Prospère, akanitazama mimi.

"Leo," akasema, "nimezungumuza na weye."